Neno Moja Juu ya Kwale wa Ndaranga

Nimekuwa afisa mifugo wilayani Lushoto kwa miaka thelathini na minne. Katika miaka hiyo nimechanja kuku wa watu dhidi ya kideri, nimeogesha ng'ombe kuua kupe, na nimeandika ripoti za kila robo mwaka ambazo sina hakika kama kuna aliyezisoma. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba mimi si mtu wa kutia chumvi. Niliyoyaona Ndaranga nitayaeleza kama ninavyoeleza ugonjwa wa mbuzi: dalili kwanza, maoni baadaye, na maoni yenyewe machache.

Nilifikaje huko? Kwa bahati mbaya, na kwa tumbo lililochafuka. Hilo latosha.

Ndaranga ni kisiwa kidogo cha kijani kilicho mbali na kila kitu, na wenyeji wanajivunia umbali huo kana kwamba waliujenga wenyewe. Sheria yao kuu ni fupi kuliko sheria yoyote niliyowahi kuisoma: Kisichopatikana kwingineko kiheshimiwe; kinachopatikana kwingineko, kila mtu akifanyie apendavyo. Basi. Mengine yote ni kanuni ndogondogo za kuitekeleza, nazo zinajaza makabati sita.

Kwa sheria hiyo, kila kiumbe kisichoonekana popote duniani ila Ndaranga kinaandikwa katika Kitabu cha Wapekee na kupewa cheo cha Mheshimiwa. Siku yangu ya pili nilikuta watu zaidi ya mia wamesimama kando ya barabara, kofia mkononi, kimya. Nikadhani ni msiba. Kumbe Mheshimiwa Konokono wa Mlimani alikuwa anavuka. Nyuma yake alitembea askari mwenye kibendera, hatua moja kwa kila robo saa. Bwana mmoja aliniambia kwamba dada yake aliolewa barabara hiyohiyo, bwana harusi upande huu na bibi harusi upande ule, kwa sababu konokono alikuwa katikati na shehe alikuwa na safari. Ndizi haziruhusiwi kukatwa mpaka Mheshimiwa Chura wa Mgombani atoke mwenyewe kwa hiari yake, kwa hiyo wenyeji hawajui ladha ya ndizi ambayo haijaiva kupita kiasi. Popo wao wenye paji jeupe wakikunyea kofia, hilo doa halifuliwi. Ni nishani. Nilimwona mzee mmoja wa Baraza ambaye kofia yake ilikuwa imekakamaa kabisa, na watu walimpisha njia kwa heshima, na pia kwa sababu ya harufu.

Kuku, mbuzi, paka na ng'ombe, kwa kuwa wako kila mahali, huitwa wa kawaida. Kuku akiumwa hakuna anayemtazama. Nilipotaka kumtibu jogoo mmoja aliyevimba macho, mwenyeji wangu aliniuliza kwa mshangao wa kweli: "Kwani wamekwisha?"

Lakini mkubwa wa Waheshimiwa wote ni kwale. Kwale wa Ndaranga ana kichwa cha rangi ya samawati na mwili mnene kama chungu kidogo, na haruki. Anatembea. Anaingia madukani, anakaa barazani, anakula mchele kwenye ungo wako huku ukimtazama. Amri iliyo juu ya amri zote ni kwamba ni marufuku kumshtua. Kabla ya kupinda kona mtu husema kwa sauti laini, "Napita, Mheshimiwa." Wenye kikohozi hukaa ndani. Mafundi hawapigi nyundo, wanasukuma misumari. Mawingu yakikusanyika, kwale wote huwekwa katika matenga yaliyojazwa sufi wasisikie radi, na mvua ikiisha Baraza hutoa tangazo la kuwaomba radhi. Walikuwa wamebaki kumi na tisa.

Sasa nieleze kosa langu.

Zamani, mgeni alipotia mguu Ndaranga, aliulizwa rasmi: je, kiumbe hiki umewahi kukiona kwenu? Wageni, kwa adabu, walijibu kwamba hawajawahi kuona kitu kizuri namna hii maishani. Matokeo yake kila kitu kikawa cha pekee. Punda mmoja alikaa katika Kitabu cha Wapekee miaka kumi na moja na hakubeba hata kuni. Walipogundua, wakageuza kanuni: mgeni asiulizwe kitu. Neno analolisema akiulizwa ni neno lililopikwa. Ushahidi ni lile linalomtoka mwenyewe, bichi. Kwa hiyo siku hizi mgeni hupitishwa katika njia ndefu yenye viumbe pande zote mbili, na nyuma ya mkeka uliotundikwa ukutani hukaa Karani Fumbwe, anaandika kila anachosikia.

Mimi hilo sikulijua. Nilikuwa natafuta choo. Nikamwona kwale amekaa katikati ya njia, hanipishi, nami nikasema, kama ambavyo mtu yeyote wa Lushoto angesema: "Ala! Kumbe na huku mna kwale! Hawa kwetu wanafukua mbegu za mahindi mpaka mkulima analia."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini safari hii kichwa hakikuwa changu. Kabla sijafika chooni jina la kwale lilikuwa limekwisha kukatwa kwa wino mwekundu. Saa ile ile kengele ikalia mjini kutangaza kwamba kwale amekuwa wa kawaida, na kwamba siku saba zikipita, kila mtu amfanyie apendavyo.

Nilipokelewa kama shujaa. Watu wa Ndaranga walikuwa wamezaliwa, wamekua na wengine wamezeeka wakimtazama ndege mnono anapita mbele yao huku wao wanameza mate. Watu wazima walinishika mkono wakilengwalenga na machozi. Kila nyumba ilitoa sufuria nje na kulisugua kwa mchanga. Mama mmoja aliniletea bizari aliyokuwa amerithi kwa bibi yake, ambaye alikuwa ameiweka kwa matumaini tu. Nilitabasamu na kupokea, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa.

Aliyenielewesha ni Bi Mwatumu, mtunza kwale. Alikuja kwa mguu akiwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, mama wa miaka sabini hivi, mwembamba, na hakupiga hodi.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, Bi Mkubwa. Karibu."

"Sikuja kukaribia. Nimekuja kukuangalia tu, nimjue mtu aliyekuja na tumbo bovu akaniulia watoto kumi na tisa kwa neno moja."

Nikamwambia sikukusudia, nilikuwa natafuta choo.

"Ungelitafuta kimyakimya!" Akaketi kwenye kizingiti, akaweka mikono magotini. "Mama yangu aliwatunza miaka arobaini. Mimi thelathini na moja. Nawajua kwa majina. Yupo Kipara, yupo Mzungumzaji, yupo Bi Harusi, yupo Shemeji ambaye hali mpaka nimwimbie. Leo nimepita sokoni, watu wananiuliza yupi ana nyama laini. Watu niliowasomesha Kurani wananiuliza hivyo, baba."

Niliona haya kuliko nilivyopata kuona haya tangu nikiwa mtu mzima. Nikamwahidi nitakwenda mbele ya Baraza nilifute neno langu.

Baraza la Ndaranga lina wazee kumi na wawili. Nao ni Wapekee. Ukurasa wa kwanza kabisa wa Kitabu, kabla ya konokono na kabla ya chura, umeandikwa ukoo wao, viongozi wasiopatikana kwingineko, na ni kwa cheo hicho wanatawala. Mwenyekiti wao, Mheshimiwa Ndago, ndiye yule mwenye kofia iliyokakamaa. Wamegawanyika makundi mawili. Wafanano wanaamini kwamba kila kitu kinafanana na kingine ukikitazama kwa mbali. Watofauti wanaamini kwamba hakuna vitu viwili vinavyofanana ukivitazama kwa karibu. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana hawajawahi kumaliza mjadala.

Nilisimama nikasema nimekosea. Karani Fumbwe, mtu mfupi, msafi, mwenye kalamu nne mfukoni, akaniambia kwa upole kwamba maneno yangu ya sasa nimeyafikiria, kwa hiyo hayana thamani.

"Bwana Shemhilu," akasema, "ukweli wako ulikwisha siku ya kwanza. Usijisumbue."

Basi wakaanza kujadili kama kwale wa kwetu na kwale wa kwao ni mmoja. Wafanano wakataka atazamwe kutoka ng'ambo ya uwanja. Watofauti wakataka atazamwe kwa kioo cha kukuzia. Mjadala ukawa si kwale tena, ukawa ni umbali. Kamba ililetwa. Siku nzima ilipita wanapima hatua, na siku ya pili wakabishana ni hatua za nani, maana mzee mmoja ana miguu mirefu. Wakafikia maafikiano ya hatua kumi na mbili, wakasimama hapo wote, wakamtazama, na kila kundi likaona lilichokuwa likikiona.

Nikachoka. Nikasema bila kuulizwa, "Waheshimiwa, wa kwetu huruka!"

Mheshimiwa Ndago akageuza shingo polepole kwa ajili ya kofia.

"Huruka?"

"Huruka."

"Basi kesi ni nyepesi," akasema. "Kesho kutwa alasiri, kwale mmoja atatupwa kutoka juu ya paa la Baraza. Akiruka, ni wa kawaida kama wa kwao mgeni, na wote wataliwa. Asiporuka, amethibitika kuwa wa pekee. Atazikwa kwa heshima zote za nchi, na ndugu zake kumi na wanane watarudishwa katika Kitabu."

"Lakini Mheshimiwa," nikasema, "vyovyote itakavyokuwa, yule mwenyewe anakufa."

"Mgeni," akanijibu kwa huruma, "sheria haimtazami mmoja mmoja." Na Wafanano na Watofauti, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wakapiga makofi pamoja. Walipiga kwa ncha za vidole, wasimshtue.

Bi Mwatumu aliupokea uamuzi kama mtu anayepokea maiti ya mtu mmoja na kushukuru kwamba si ya wawili. Mmoja kwa kumi na wanane. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ataanguka. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua, naye akamchagua Shemeji, kwa sababu ndiye aliyempenda zaidi na, alisema, asingeweza kumtoa mtoto asiyempenda sana, ingekuwa dhambi. Hoja hiyo sikuielewa siku ile. Nimeielewa baadaye.

Kesho yake asubuhi nilikwenda uani kwake kumsaidia. Alinipa Shemeji nimshike huku akitandika sufi mpya katika tenga. Mkono wa afisa mifugo haukai bure. Nikamfungua ubawa kwa desturi tu, kama ninavyofungua ubawa wa kuku yeyote. Ulikuwa ubawa kamili. Manyoya marefu, magumu, yamepangika vizuri, na kifuani nyama ya kurukia imejaa.

Kwa maana kwale namjua. Kwale si ndege wa kurukaruka ovyo. Atakimbia, atajificha, atalala chini hata ukakaribia kumkanyaga. Haruki mpaka ashtuke.

"Bi Mkubwa," nikasema, "huyu anaweza kuruka."

Akasimama wima. "Nani?"

"Shemeji. Na wenzake wote."

"Usinitukanie wanangu ndani ya uwanja wangu! Miaka sabini na moja, mama na mwana, hajaruka hata mmoja."

"Amewahi kushtuliwa hata mmoja?"

Akainama kuwatazama kwale waliokuwa wanapita katikati ya miguu yetu wakidonoa. Nikaona jinsi jambo lilivyomwingia, na jinsi lilivyogeuka ndani yake likawa jingine. Shemeji akitupwa kesho, ataruka. Akiruka, ni wa kawaida. Na masufuria yalikuwa yamekwisha kusuguliwa.

"Usimwambie mtu," akasema kwa sauti ndogo.

Sasa nitaeleza jambo ambalo silioni fahari. Nilikuwa na mkasi. Nimekata mabawa ya kuku maelfu, hawaumii, ni kama kukata kucha. Manyoya saba upande mmoja, naye asingeweza kuruka. Angeanguka kama jiwe, Baraza lingeridhika, na kumi na wanane wangeishi. Nikamweleza Bi Mwatumu hivyo, kwa lugha ya kazi, nikamwekea mkasi kiganjani kwa sababu ndege alikuwa wake.

Aliushika. Akamchukua Shemeji, akamlaza pajani, akaufungua ule ubawa mwenyewe kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, akautazama. Ndani yake ulikuwa na rangi ya dhahabu, na yeye hakujua. Akapitisha kidole juu ya kila unyoya.

"Leo ndiyo kwanza najua ana mbawa," akasema, "halafu leo hiihii nimkate?"

Nikamkumbusha wale kumi na wanane.

"Nakumbuka, baba. Nakumbuka kuliko wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Siwezi. Chukua mkasi wako."

Alasiri ya siku iliyofuata mji mzima ulikuwa uwanjani chini ya Baraza, na kila mtu kichwani au mkononi ana sufuria. Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa kwa adabu, bila kupuliza. Matenga kumi na manane yalipangwa mbele, vifuniko wazi, ili ndugu wa marehemu mtarajiwa washuhudie. Juu ya paa, ambalo ni tambarare na lina ukuta mdogo, walikaa wazee kumi na wawili, Karani Fumbwe na Kitabu chake, mimi kama chanzo cha balaa, na Bi Mwatumu na tenga lake, Shemeji ndani, kifuniko wazi.

"Atupwe," akasema Mheshimiwa Ndago.

Hakuna aliyesimama.

Ndipo likaonekana jambo ambalo katika siku mbili za kupima kamba hakuna aliyelifikiria. Kama kwale ni wa pekee, atakayemtupa atakuwa ameua Mheshimiwa, na adhabu yake ni kufukuzwa kisiwani milele. Wafanano wakasema watupe Watofauti, kwa kuwa wao ndio wanaotaka uthibitisho. Watofauti wakasema watupe Wafanano, kwa kuwa wao wanaamini ni wa kawaida na hawana cha kuogopa. Wafanano wakajibu kwamba kuamini ni jambo moja na kutupa ni jambo jingine. Mzee mmoja akapendekeza iundwe kamati ya kumteua mtupaji. Ikaundwa, ya watu kumi na wawili, yaani walewale. Kamati ikateua kamati ndogo. Kamati ndogo ikapendekeza kwale asitupwe ila awekwe ukingoni, na upepo ubebe dhamana. Mwingine akauliza upepo ukikataa, nani atauandikia barua. Mwingine akasema barua zote sharti zipitie kwake. Mwingine, mwenye sauti ya kulala, akasema pengine kwale mwenyewe aombwe ajitupe, ili isionekane kwamba Baraza limeingilia uhuru wake. Jua lilikuwa linanichoma utosini, na Mheshimiwa Ndago akatangaza kwamba suala zima liahirishwe mpaka apatikane mtu wa chini wa kulibeba kosa, kisha likamilike kwa jina lake.

Hapo ikanitoka. Naapa sikuifikiria.

"Jamani! Hawa nao wako huku? Kwetu wamejaa kila wilaya, na hawa ndio walewale, mpaka kofia!"

Nilisikia kalamu ya Karani Fumbwe. Aliandika mpaka mwisho, akaweka nukta, akafungua ukurasa wa kwanza wa Kitabu na kutoa kalamu ya wino mwekundu.

"Fumbwe," akasema Mheshimiwa Ndago, "unafanya nini?"

"Mgeni amesema bila kuulizwa, Mheshimiwa. Ni neno bichi." Akapiga mstari mmoja mrefu, ulionyooka, kutoka jina la kwanza mpaka la kumi na mbili. Akapuliza wino ukauke. "Samahani. Bwana Ndago."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kusikia makelele ya watu kumi na wawili ambao maisha yao yote wamezungumza kwa kunong'ona. Waliruka juu. Walipiga mateke viti. Bwana Ndago aligonga ukuta kwa bakora yake mara tatu, kwa nguvu zote, na pigo la tatu lilitua kando kabisa ya tenga la Bi Mwatumu.

Shemeji akashtuka.

Alitoka kwenye sufi kwa kishindo, frrrr, akapita kati ya nyuso za wazee, akaupita ukuta, na mji mzima ukamwona angani. Ule ubawa wa dhahabu ulikuwa umefunguka wote. Kisha mtu mmoja huko chini, nadhani ni yule mama wa bizari, akaachia sufuria lake, likaanguka kwenye mawe. Wa pili akaangusha la kwake kwa kushtushwa na la kwanza. Ikawa mvua ya masufuria. Na kutoka matengani, Kipara na Mzungumzaji na Bi Harusi na wengine wote wakainuka kwa mpigo mmoja, kumi na wanane, wakapita juu ya vichwa vya watu waliokuja kuwala, juu ya paa za makuti, wakielekea msituni mlimani ambako hakuna barabara wala kona ya kupinda.

"Wameruka!" akapiga kelele Bwana Ndago. "Umeona, Fumbwe? Wameruka! Ni wa kawaida! Andika waliwe!"

"Wewe pia ni wa kawaida, Bwana Ndago," akasema Karani Fumbwe, akifunga Kitabu. "Huwezi kuniamuru. Halafu," akaongeza, akitazama mlimani kwa mkono juu ya macho, "waliwe na nani?"

Watu chini walikuwa bado wameinua vichwa. Nilitegemea hasira, maana njaa ya miaka sabini si mchezo. Lakini mtu mmoja alianza kucheka, kisha wote, wakawa wanaonyeshana kwa vidole yupi amefika wapi, na wengine walikuwa wanaita majina yao. Kumbe waliyajua majina.

Bi Mwatumu alikuwa ameketi kwenye sakafu ya paa, tenga tupu mapajani, sufi imemjaa kwenye kanga. Alikuwa analia na anacheka, na sikujua nimpe pole au hongera, nikakaa tu kando yake.

"Miaka thelathini na moja," akasema, "nawabeba juani, nawabeba mvuani. Mgongo umeniisha. Kumbe wana mbawa, mbwa hawa!"

Aliutazama mlima mpaka wa mwisho alipotoweka. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa ya mtu anayeuliza habari za mtoto aliyekwenda ugenini.

"Kwenu wakiruka, mdogo wangu, hufika mpaka wapi?"

Mimi nawajua kwale. Kwale akishtuka huruka hatua mia, mia mbili akijitahidi, halafu hutua kwenye majani na kuendelea na miguu yake. Nimeandika hivyo katika ripoti zangu, na ndivyo ilivyo.

"Mpaka wanapotaka, Bi Mkubwa," nikamwambia.